Mboni ya jicho inaweza kuonyesha nguvu mtu anatumia kusikiliza? (niko Bukavu, ni juu ya memware)

Mwana_Kadutu

Jambo wakubwa na wadogo. Niko mwaka ya mwisho ya saikolojia hapa Bukavu na minatafuta mawazo ya memware, ile kazi ya kuandika ya kumaliza chuo, mbele direkta wangu, prof mwenye kuisimamia, hajanifunga kabisa.

Jambo iko hivi: mu oditwari yetu, ile chumba kubwa ya masomo, ukikaa nyuma, unasikia prof pamoja na grupu ya jirani (ile mashine ya kutoa umeme), magari, na mvua ikianza ku bati unaomba Mungu tu. Sasa ukiuliza wale wa nyuma "mulisikia?" wote watasema ndiyo, na si uongo, ukiwaomba warudilie sentensi wanairudilia vizuri karibu sawa na wale wa mbele. Lakini masomo ikiisha huyu wa nyuma kichwa inamuuma, hana hamu ya kusoma tena, na wa mbele anaenda kucheza mpira. Alama wanapata sawa lakini mmoja amejikamua kushinda mwengine. Njo ile kujikamua minataka kupima, na direkta amesema hataki karatasi ya maswali peke yake, anataka kitu yenye mutu hawezi kudanganya.

Nimesoma mahali kama Uholanzi wanapima mboni ya jicho wakati mutu anasikiliza, kwamba inapanuka kama kusikiliza ni nguvu. Sasa minauliza: ni kweli ama ni mambo ya kuvuta macho? Kamera ya telefoni inatosha? Naweza kulinganisha wanafunzi wenye kusikia vizuri na wale wenye masikio mabovu? Na macho yetu ni nyeusi ti, mboni na ile sehemu yenye kuizunguka hata kwa kioo sioni mpaka, sasa kamera itaona nini?

Aksanti mbele ya wakati.

Katuba_labo

Karibu mdogo wangu. Niko Lubumbashi, masteri nilifanya inje mu labo moja ya masikio na kazi yangu ilikuwa paka hiyo (hiyo tu), mboni za watu asubuhi mpaka magaribi, donki hapa umegonga mlango yenyewe.

Ni kweli, na si mambo ya jana. Hess na Polt waliandika mu jarida Science mwaka 1964 kama mboni inapanuka wakati muntu anapiga hesabu mu kichwa, na hesabu ikikaza inapanuka zaidi. 1966 Kahneman na Beatty (Kahneman ni yule yule alipata Nobel ya uchumi 2002) wakafanya ile kazi yenye mi napenda kupita zote: wanakusomea namba, moja kila sekunde, kuanzia namba tatu mpaka saba, na kila namba yenye kuingia mboni inapanda kidogo, halafu wakisema "rudisha" inaanza kushuka namba kwa namba mpaka mzigo inaisha. Unaiona ku grafu kama ngazi ya kupanda na ya kushuka, nilivyoiona mara ya kwanza kwa data yangu mwenyewe nilicheka peke yangu mu labo.

Upande ya masikio ni watu wa Amsterdam walivuta sana. Sophia Kramer na wenzake waliandika juu yake 1997 tayari, halafu 2010 Adriana Zekveld, Kramer na Festen wakachukua vijana wenye kusikia vizuri, wakawapatia sentensi ndani ya makelele ya viwango tatu, yaani ile mutu anashika nusu ya sentensi, ile anashika 71 kwa mia na ile anashika 84 kwa mia. Kadiri sentensi ilikuwa nguvu kushika, mboni ilipanuka zaidi na ilichelewa zaidi kufika juu. Ile njo msingi ya karibu kila kitu utasoma kisha.

Kwa nini inafanya vile: mboni iko na misuli mbili, moja ya duara inaifunga na ingine inaivuta ifunguke. Mu shina ya ubongo kuko sehemu kadogo wanaita lokasi seruleasi, njo kanamwaga noradrenalini, kemikali ya kuamsha, mu ubongo wakati akili inaamka kufanya kazi, na mboni inafuata mwendo yake. Hauwezi kusema "leo nitapanua mboni" vile unaweza kusema "sikuchoka" ku karatasi, donki direkta wako ako na haki hapo.

Sasa habari mbaya. Mwangaza peke yake inaweza kutoa mboni ku milimita 2 mpaka 8. Kazi ya kusikiliza inaisogeza sehemu za kumi ya milimita, mara mingi haifike hata nusu milimita. Fungua dirisha, wingu ipite juu ya ziwa yenu Kivu, jua irudi, na tayari umepoteza kila kitu ulikuwa unatafuta. Mwangaza njo adui yako wa kwanza, si makelele.

Na telefoni: hapana. Umejijibu mwenyewe, ku mwangaza ya kawaida macho ya kahawia nzito haionyeshi mpaka ya mboni, na wale wazungu wenye kujaribu kwa kamera ya kawaida mara mingi wanafaulu juu ya macho ya bluu. Lakini ku infraredi, ile mwangaza yenye macho ya muntu haiioni, mambo inabadilika, ile rangi nyeusi ya jicho inameza mwangaza ya infraredi kidogo sana, donki jicho ya kahawia inaonekana ya kijivu nyeupe-nyeupe na mboni inabaki nyeusi katikati, safi kabisa. Aparei zote za maana za kupima mboni zinatumia infraredi. Macho yetu si shida, shida ni kamera.

Himbi_ORL

Nasalimia wote kutoka Goma. Mimi ni enfirmye mu servisi ya masikio, pua na koo, sitaingia mu mambo ya ngazi na grafu, lakini niko na maneno ya wagonjwa.

Kijana, ile unasema ya wanafunzi, sisi tunaiona kwa wazee na kwa wale walipiga sindano za kifua kikuu za zamani, kanamisini na ndugu zake, zenye ziliharibu masikio ya batu wengi. Tunamuweka mgonjwa mu kajumba, tunapiga audiogramu, yaani ka sauti kadogo kutoka hertzi 250 mpaka 8000, anainua mkono akisikia. Matokeo si mabaya sana. Tunamwambia "mama, masikio yako inaendelea vizuri" na yeye anajibu "mwanangu nasikia, lakini nikitoka kanisani nalala kama nimelima." Audiogramu haijamuuliza hiyo. Ilimuuliza kama anasikia kasauti mu kimya, haikumuuliza anafanya nini wakati kwaya, baffle (spika) na jirani wote wanasema pamoja.

Donki mimi naunga mkono hii kazi. Na ile Kramer ndugu wa Lubumbashi ametaja alikuwa pia mu kazi ya 2006 yenye ilionyesha wafanyakazi wenye masikio mabovu wanaomba ruhusa ya ugonjwa juu ya uchovu na mawazo kushinda wenzao. Si uvivu.

Lakini mbele haujapima mboni ya mutu, uliza dawa. Atropini ya macho inafungua mboni siku mingi. Tropikamidi, ile wanakudondoshea wakiangalia ndani ya jicho, inafungua masaa. Pilokarpini ya wale wenye glokoma inafunga. Morfini na kodeini zinafunga. Kahawa pia inachezea ile mfumo, waambie wote wasikunywe asubuhi ama wakunywe wote vile wanazoea, chagua moja. Na wazee mboni zao ni ndogo kwa kawaida, haina nafasi ya kupanuka sana, usiweke mzee wa miaka 70 na kijana wa 20 ku meza moja halafu ukasema mzee hakujikaza.

Na angalia masikio kwa otoskopu mbele!! Nta peke yake inaweza kukuletea "mwenye masikio mabovu" mwenye hana ugonjwa wowote.

Mwalimu_Ndendere

Nimesoma yote na sijashawishika bado. Mboni inapanuka mtu akiogopa. Inapanuka akimwona mtu anayempenda. Inapanuka akisikia jina lake, akisikia sauti kubwa ya ghafla, akifanya hesabu, kama mlivyosema wenyewe. Sasa mwanafunzi anakaa mbele ya mashine asiyoijua, kamera inamtazama jicho, na mtafiti mwenyewe ni mwenzake wa darasa. Utapima kusikiliza au utapima woga? Nani amekupa ruhusa ya kuandika "juhudi" juu ya kitu ambacho ni msisimko tu?

Halafu mnasema hakuna anayeweza kudanganya. Kweli? Mtu akiamua kutosikiliza, akaanza kuwaza chakula cha jioni, mboni itakaa kimya, na mtaandika "huyu alisikiliza bila shida".

Katuba_labo

Mwalimu, heshima yako. Uko na haki sana mu sehemu ya pili, acha nianze na hiyo.

Ile ya mwenye kuacha, imepimwa. Zekveld na Kramer 2014 walisukuma makelele mpaka sentensi haishikiki kabisa. Mboni haikuendelea kupanda. Ilipanda mpaka pale pa katikati, pale muntu anapigana na anashika kidogo, halafu makelele ikizidi ikashuka tena, juu muntu ameona haina maana akaachilia. Hata kwa namba ni vile, Granholm na wenzake 1996 walipatia watu namba tano, tisa, kumi na tatu, na mboni ilifika mwisho ya uwezo halafu ikaanza kushuka. Donki mboni ndogo iko na maana mbili, rahisi kabisa ama ngumu kabisa, na peke yake haikuambii ni gani. Njo maana kila mara unaweka pembeni alama ya kurudilia sentensi. Mboni ndogo na alama 95 kwa mia, alisikiliza bila shida. Mboni ndogo na alama 10, alikuacha.

Na hata hamu inaingia. Koelewijn na wenzake, 2018, waliahidi watu pesa: sentensi zingine malipo makubwa, zingine malipo ka kidogo, makelele ni ile ile. Mboni ilipanuka zaidi kwa pesa kubwa. Ile juhudi haitoki mu makelele peke yake, inatoka pia mu "nataka ama sitaki". 2016 wataalamu wengi chini ya Kathleen Pichora-Fuller waliandika maelezo yao yenye wanaita FUEL, na mule ndani kuko hivi viwili, ugumu wa kazi na hamu ya muntu, na wanasema juhudi ya kusikiliza ni zile nguvu za akili unaamua kuweka juu ya kupita vizuizi.

Juu ya woga: njo maana haulinganishi muntu na muntu. Mboni ya mwoga itakuwa kubwa tangu mwanzo, sawa, lakini wewe unatoa ile ya mwanzo. Unapima sekunde moja mbele sentensi haijaanza, unaita hiyo sifuri yake, na unaangalia paka kile kimeongezeka. Sentensi rahisi na sentensi nguvu zimechanganywa, hajui gani inakuja, woga wake uko mu zote mbili. Kama kuko tofauti bado, haitoki kwa woga.

Mwalimu_Ndendere

Hapo nimekuelewa, hasa la kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Lakini bado neno "juhudi" linanisumbua. Mtu akisema amechoka na mboni ikasema hakuna kitu, utamwamini nani?

Katuba_labo

Wote wawili, na siichezi. Alhanbali na wenzake 2019 walipima watu wale wale kwa njia mingi pamoja, mboni, mawimbi ya ubongo, jasho ya ngozi, karatasi ya maswali na zingine, na vipimo hivyo vilishikana kidogo sana. Kila kimoja kinaonekana kushika upande yake ya ile kitu. Mwenye kusema mboni njo mizani ya ukweli na maneno ya muntu ni uongo, huyo anauzisha mashine.

Mwana_Kadutu

Aksanti sana wakubwa, mama Himbi nimeandika zote za dawa. Mwalimu aksanti pia juu maswali yako njo ile jury, maprof wenye kusikiliza memware, wataniuliza.

Sasa minaona theme yangu inabadilika. Mbele nilitaka kulinganisha wenye masikio mazuri na mabovu. Lakini kuko kitu ingine nilikuwa nimesahau kuandika: kozi ni kwa Kifaransa, na wengi wetu nyumbani ni Mashi na Swahili, Kifaransa tulianza kuisikia kweli ku sekondari. Naweza kupima kama kusikiliza Kifaransa ndani ya makelele inavuta mboni kushinda Swahili? Ile ingekuwa memware yenye batu watasoma.

Na kamera, nani iko nayo? Mu labo yetu hakuna kitu.

Fundi_Birere

Niko Goma natengeneza telefoni na kamera. Hii swali ya infraredi si nguvu vile munafikiria. Kamera nyingi za odinateri (kompyuta) ndani iko na ka filta kadogo mbele ya sensa, ile kamewekwa kuzuia infraredi. Ukifungua lensi pole pole ukakatoa, kamera inaona infraredi. Taa za infraredi unazipata ku kamera za ulinzi za usiku, zile zinauzishwa kila kona, ni nanomita 850, unaona kamwangaza kekundu kwa mbali. Kwa bei ya chini unapata picha ya jicho safi. Programu za kufuata mboni za bure ziko, wale wa Pupil Labs waliachia kodi yao batu wanaitumia, na za kupanga majaribio iko PsychoPy bure pia.

Himbi_ORL

Fundi kaka yangu, pole pole. Infraredi haionekani, donki jicho halijikingi, halifungi, halikimbii, na wewe unaweka taa sentimita chache mbele ya mutu kwa dakika arobaini. Taa ya ulinzi imetengenezwa iangaze kiwanja, si jicho. Kama ni lazima, taa moja dhaifu, iko mbali, na mtu wa fizikia apime nguvu yake alinganishe na mipaka ya usalama mbele jicho ya kwanza haijakaa pale. Na komite ya etiki ya chuo lazima ione ile mashine, si karatasi tu. Mi siwezi kumwambia mama ya mwanafunzi kama tulichoma jicho juu ya memware.

Fundi_Birere

Sawa dada, haki yako. Mimi nilisema picha tu. Mtu wa fizikia apime.

Katuba_labo

Dada Himbi amesema ya maana kushinda zote mu hii mazungumzo. Ukipata namna ya kuazima aparei ya kweli, hata ya zamani, hata ile inapiga picha 60 kwa sekunde, azima. Mboni ni pole pole, 60 inatosha, usidanganywe na wenye kusema lazima 1000.

Juu ya Kifaransa: wazo ni zuri na si la hewani. Borghini na Hazan 2018 walilinganisha Waingereza na Waitaliano wenye kusikiliza Kiingereza, wakasawazisha makelele ili wote washike kiasi kimoja, na mboni za Waitaliano bado zilipanuka zaidi. Alama sawa, juhudi si sawa, ni ile ile ulisema ku mwanzo juu ya wa mbele na wa nyuma.

Lakini usilinganishe Swahili na Kifaransa moja kwa moja, nakukataza kama mkubwa. Sentensi ya Swahili na ya Kifaransa si urefu moja, maneno hayajulikani kiasi kimoja, msomaji hasemi kwa mwendo moja, na mboni itachukua zile tofauti zote ikuletee kama juhudi. Usikimbilie namba pia kwa kufikiri ni rahisi. Kweli kuko jaribio ya namba ndani ya makelele, Smits na wenzake waliileta kwa telefoni Uholanzi 2004, Afrika Kusini iko na yake ya simu inaitwa hearZA tangu 2016, ni nzuri sana kwa kuchuja masikio. Lakini sisi huku, sokoni tunahesabu kwa Kifaransa hata tukiwa katikati ya Swahili, sasa "kumi na saba" na "dix-sept" gani njo ya nyumbani?

Fanya hivi: lugha moja, Kifaransa ya kozi, sauti ya muntu mmoja, na ubadilishe paka makelele. Halafu ku karatasi uliza kila mtu alianza Kifaransa lini na anaisema wapi, na kisha uangalie kama wale wa Kifaransa ya kuchelewa mboni yao inaongezeka zaidi wakati makelele inapanda. Ile ni swali safi. Inalinganisha muntu na yeye mwenyewe, na lugha inaingia kwa mlango ya nyuma.

Mwana_Kadutu

Minapenda hiyo. Makelele naweza kurekodi mwenyewe? Mvua ku bati, grupu, ama oditwari yenyewe?

Katuba_labo

Rekodi zote lakini usianze nazo zote. Anza na ile yenye kukaa moja, grupu ni nzuri. Mvua inapanda inashuka, na pale inashuka muntu anaiba neno, haujui tena ni kiwango gani umemupa. Halafu kama uko na nguvu, ongeza hali ya pili: muntu mwengine mmoja anasema nyuma. Koelewijn mwaka 2012 alionyesha mwenye kusema mmoja kwa nyuma anapanua mboni kushinda makelele ya kawaida, hata wakishika maneno kiasi kimoja, juu akili inapashwa kuchagua nani wa kufuata. Mu oditwari yenu ni yule mwenye kusimulia mechi ku benchi ya nyuma kabisa.

Weka viwango viwili vya makelele, kimoja chepesi, kimoja ile wanashika kama nusu ama zaidi kidogo. Usifike pale hawashiki kitu, nimekueleza mboni inafanya nini pale.

Mpango ya sentensi moja: makelele inaanza, sekunde tatu, sekunde ya mwisho ya zile tatu njo sifuri yako. Sentensi inaingia. Ikiisha, makelele inaendelea sekunde tatu tena na muntu ANANYAMAZA. Hapo vijana wanaharibu sana, wanaacha mutu arudilie mara moja, na kusema yenyewe kunapanua mboni. Mboni inafika juu kama sekunde moja nyuma ya kazi, usiikate. Kisha tu anarudilia. Sentensi ishirini na tano kwa kila hali, usishuke chini ya ishirini, sentensi moja peke yake haikuonyeshi kitu, ni wastani njo unaongea.

Macho: msalaba kadogo katikati ya skrini, rangi ya kijivu ya katikati. Skrini nyeupe mboni inafunga inakosa nguvu ya kupanuka, skrini nyeusi inafunguka tangu mwanzo inakosa pa kwenda. Anaangalia msalaba tu, akiangalia pembeni kamera inaona duara imekuwa yai na inasema mboni imepunguka. Kupepesa ni ruhusa, usiwaambie wasipepese, kujizuia ni kazi na kazi inaingia mu mboni. Wewe utaziba zile nafasi kisha kwa mstari, na sentensi yenye imepoteza data ya zaidi ya moja ya tano, utupe.

Mwana_Kadutu

Na umeme ikikatika katikati?

Katuba_labo

Hahaha swali ya Kongo hiyo. Usitegemee taa ya nyumba kabisa. Funga madirisha na kitambaa nzito, weka taa moja ya betri nyuma ya skrini, odinateri ku betri, na upime mwangaza pale jicho inakaa, mwanzo na mwisho ya kila muntu. Aplikasyo ya telefoni ya kupima luksi inatosha kuona kama kimebadilika. Umeme ikija ama ikienda hautajua hata. Na zima ventilateri.

Himbi_ORL

Na wanafunzi uwaite saa gani? Usiwaite jioni nyuma ya kozi, wamechoka tayari.

Katuba_labo

Exactement dada. Mutu akichoka ile sifuri yenyewe inashuka, na hata mu kikao kimoja inashuka pole pole kutoka sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho. Donki asubuhi, wote saa moja ya karibu, na makelele nyepesi na nzito uzichanganye, usiweke nyepesi zote kwanza na nzito zote kisha, la sivyo utapima saa badala ya makelele.

Mwalimu_Ndendere

Naongeza moja kwa sababu nimekuwa kwenye jury. Usitegemee mboni peke yake. Weka pia kazi ya pili: mwanafunzi anasikiliza, na wakati huohuo anabonyeza kitufe kila taa ndogo inapowaka. Akichelewa kubonyeza wakati makelele yanazidi, basi akili yake imebanwa. Hiyo unaweza kuifanya kwa odinateri yoyote, bila kamera, kwa watu wengi. Lakini isifanyike pamoja na mboni, taa hiyo itakuharibia mwangaza. Na baada ya kila sehemu, wape ile karatasi ya NASA-TLX, ya kupima uzito wa kazi, ya Hart na Staveland, 1988, ina maswali sita tu, tafsiri uijaribu kwanza kwa watu wachache. Kamera ikikataa, bado una memware.

Mwana_Kadutu

Mwalimu nilifikiri uko kinyume yangu kumbe unanibeba. Minaandika upya: kitufe na karatasi kwa promosyo (darasa) muzima, mboni kwa wachache asubuhi kama tunapata aparei ya kuazima, Kifaransa peke yake, makelele ya grupu viwango viwili na mutu mwenye kusema nyuma. Juma lijalo minaenda kuona batu wa fizikia juu ya taa na komite ya etiki. Fundi, picha ya ile kamera yako unaweza kunitumia hapa? Si kuitumia, kuonyesha direkta tu vile jicho nyeusi inaonekana ku infraredi, juu ye pia hakuamini.

Fundi_Birere

Nakutumia kesho, jicho yangu mwenyewe. Ni nyeusi kushinda yako.